Nani Aliyeinyamazisha Jeni?

Vijana wenzangu, kuna neno tunalopenda kulisema kila tunapokutana kusomeana hadithi zetu: shida ndiyo mwalimu. Asiyewahi kulala njaa hawezi kuiandika njaa, tunasema, na anayesema hivyo hupigiwa makofi. Mimi leo sitaki kulibisha neno hilo moja kwa moja. Nataka tulipime kwa mizani ambayo sisi watu wa hadithi hatujaizoea, yaani mizani ya sayansi. Maana swali hilihili, kwamba shida humfanyia nini hasa kiumbe hai, liliwahi kugombaniwa na wataalamu kwa miaka mingi, na yupo aliyefia gerezani kwa ajili yake. Jibu lilipokuja, lilitoka kwa kijidudu kinachoishi utumboni mwetu sote.

Basi tuanze Paris, mwaka 1940.

KIJIDUDU KINACHOCHAGUA

Jeshi la Ujerumani liliingia Paris tarehe 14 Juni mwaka huo. Mji ukawa wa foleni za mkate, amri ya kutotoka nje usiku na hofu ya kugongewa mlango alfajiri. Katika Chuo Kikuu cha Sorbonne alikuwapo mtafiti mmoja wa miaka 30, Jacques Monod. Baba yake alikuwa mchoraji, mama yake Mmarekani, na yeye mwenyewe alikuwa mpiga cello hodari aliyesitasita muda mrefu baina ya muziki na sayansi. Kazi aliyokuwa akiifanya wakati dunia inaungua ilionekana ndogo mno: alikuwa akipima jinsi bakteria wanavyokua.

Bakteria wake mmoja aliitwa E. koli. Ukimpa sukari na maji yenye chumvichumvi anazozihitaji, anajigawa wawili, wanne, wanane, mpaka maji yanakuwa ukungu. Monod aliupima ukungu huo na kuchora grafu. Siku moja akajaribu kuwapa sukari za aina mbili kwa pamoja. Kwa mfano, glukosi, ambayo ni rahisi kwao kuila, na laktosi, sukari ya kwenye maziwa, ambayo lazima kwanza waikate vipande viwili kwa kimeng'enya maalumu. Kumbe wale vijidudu hawakula ovyoovyo! Walimaliza glukosi yote kwanza. Halafu wakasimama. Grafu ikalala tambarare, kama watu waliokaa kikao. Baada ya muda ikaanza kupanda tena: sasa walikuwa wanakula laktosi.

Jambo hilo akalipa jina la diauksia, yaani kukua mara mbili. Mwezi Desemba 1940 akaipeleka grafu yake kwa mwanasayansi aliyemzidi umri na uzoefu, André Lwoff wa Taasisi ya Pasteur. Lwoff akamwambia kwamba huenda inahusiana na kile kilichoitwa mazoea ya vimeng'enya. Monod hakuwa amelisikia jambo hilo. Akaenda kusoma, na tangu siku hiyo lile tambarare la kwenye grafu likawa kazi yake kwa karibu miaka 25.

Hebu liangalie nawe, ndugu msomaji. Ni nini kinachotokea pale kijidudu kinaposimama? Chakula alichokipenda kimekwisha. Kilichobaki hajui kukila, au anajua ila hajaanza. Akikosea anakufa. Halafu, ghafla, anajua. Nani kamfundisha?

WALIMU WAWILI

Jibu lililokuwa rahisi kuaminika lilikuwa hili: laktosi yenyewe ndiyo mwalimu. Inaingia ndani ya kijidudu, inafanya kama kalibu, na kimeng'enya kinafinyangwa kulingana nayo kama vile matofali yanavyochukua umbo la kibao. Yaani mazingira yanamwandika kiumbe. Shida inampa ujuzi ambao hakuwa nao.

Wazo hilo lilikuwa na kaka yake mkubwa huko Urusi ya Kisovieti, naye alikuwa na jeshi la polisi nyuma yake. Trofim Lysenko, mtaalamu wa kilimo aliyependwa na Stalin, alidai kwamba ngano inaweza kufundishwa. Iloweke mbegu, ipitishe katika baridi, nayo itabadilika tabia, kisha tabia hiyo mpya itarithiwa na watoto na wajukuu zake. Waliosema kwamba urithi una sheria zake ndani ya jeni waliitwa maadui wa wananchi. Nikolai Vavilov, aliyezunguka mabara akikusanya mbegu za mazao ya dunia ili watu wasife njaa, alikamatwa mwaka 1940. Alifariki katika gereza la Saratov Januari 1943, akiwa amedhoofishwa na njaa. Mwezi Agosti 1948, katika mkutano wa Moscow, fundisho la Lysenko likatangazwa kuwa ndilo la halali, na elimu ya jeni ikafungiwa milango.

Sasa turudi kwa Monod, maana vita havikumwacha katika maabara. Alijiunga na wapiganaji wa chinichini waliopinga utawala wa Wajerumani, akapitia kundi la Wakomunisti, akapanda mpaka kuwa miongoni mwa wakuu wa majeshi ya ndani ya Ufaransa. Mke wake, Odette, alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi, kwa hiyo hatari ilikuwa mpaka chumbani. Inasimuliwa kwamba nyaraka za siri alizificha ndani ya mifupa ya miguu ya twiga aliyesimamishwa pale Sorbonne. Twiga wa watu, mnyama wa nyika zetu, akawa sanduku la posta la vita vya Paris! Sorbonne ilipozidi kuwa ya hatari akahamia kufanya kazi kwa Lwoff.

Mtu wa namna hiyo, aliyepigana bega kwa bega na Wakomunisti, angeweza kunyamaza mwaka 1948. Hakunyamaza. Mwezi Septemba aliandika katika gazeti la Combat kwamba ushindi wa Lysenko haukuwa wa kisayansi hata kidogo, ulikuwa wa amri. Alipoteza marafiki. Lakini kuandika makala hakutoshi, na hapa ndipo ninapompendea mtu huyu. Alijua kwamba yeye mwenyewe ana swali la Lysenko ndani ya chupa zake za maabara: je, sukari humfundisha kijidudu au haimfundishi? Ikiwa inamfundisha, basi Lysenko ana pa kusimamia. Ilibidi ajibiwe kwa majaribio.

SUKARI ISIYOLIKA

Jibu lilikuja polepole. Kwanza Monod na wenzake, akiwemo Mmarekani Melvin Cohn, waligundua vitu vinavyofanana na laktosi lakini haviliki. Kijidudu akipewa kitu hicho, anatengeneza kimeng'enya kwa wingi ajabu, ilhali hakuna cha kukata wala cha kushiba. Vilevile vilikuwapo vitu vilivyoshikamana vizuri na kimeng'enya, lakini havikumfanya kijidudu akitengeneze. Basi kalibu limevunjika. Mwalimu gani huyu anayefundisha kazi asiyohusika nayo? Ilionekana wazi kwamba sukari haifinyangi kitu chochote. Inatoa ishara tu. Ujuzi wa kutengeneza kimeng'enya ulikuwa ndani tayari, katika jeni.

Lakini ishara hiyo inafanya nini? Hapa anaingia mtu wa pili. François Jacob alizaliwa Nancy mwaka 1920, akawa mwanafunzi wa udaktari, na mwezi Juni 1940, akiwa na miaka 20, akapanda meli kwenda Uingereza kujiunga na jeshi la Wafaransa huru la de Gaulle. Alipigana barani Afrika, Libya na Tunisia, akiwa mganga wa askari. Mwaka 1944 huko Normandy bomu lilimjeruhi vibaya mno, na ndoto yake ya kuwa daktari wa upasuaji ikaishia hapo. Alizunguka miaka kadhaa akitafuta la kufanya na maisha yake. Mwaka 1950 Lwoff akampokea Pasteur, na wakafanya kazi darini, chini ya paa, nafasi ikiwa finyu.

Upande mmoja wa dari hiyo Monod alihangaika na laktosi. Upande wa pili Lwoff na Jacob walihangaika na jambo lililoonekana la mbali kabisa: virusi wanaolala. Wapo virusi wanaoingia ndani ya bakteria na kukaa kimya, vizazi kwa vizazi, kana kwamba hawapo. Mwaka 1950 Lwoff na wenzake walionyesha kwamba ukiwamulika bakteria hao kwa miale ya urujuanimno, virusi wanaamka, wanazaana na kumpasua mwenyeji wao. Dhiki inawaamsha. Nani alikuwa amewalaza?

Mwaka 1957 akaja mgeni kutoka California, Arthur Pardee, na yeye na Jacob na Monod wakafanya jaribio ambalo ningependa kila kijana alijue, hata kama hesabu zilimshinda shuleni. Walikuwa na vijidudu vilivyoharibika jeni mbili: moja ni ile inayotengeneza kimeng'enya cha laktosi, na ya pili ni ile iliyohusika na kukidhibiti. Vijidudu vingine vikawa vizima, jeni zote mbili zikifanya kazi. Bakteria nao wana namna yao ya kuoana: mmoja humpenyezea mwenzake uzi wa jeni zake. Basi wale wazima wakapenyeza jeni zao katika wale wabovu, laktosi ikiwa haipo kabisa.

Ilionekanaje? Kimeng'enya kikaanza kutengenezwa mara moja, ndani ya dakika chache, pasipo sukari wala ishara yoyote! Halafu, baada ya saa moja hivi na zaidi, uzalishaji ukakoma wenyewe.

Tafakari hapo. Kama jeni ingekuwa inasubiri kuamriwa, isingeanza bila amri. Ilianza kwa sababu imeingia katika nyumba isiyokuwa na mlinzi. Ilikoma kwa sababu ile jeni ya pili, iliyoingia nayo, ilipata muda wa kumtengeneza mlinzi huyo. Yaani jeni kwa asili yake iko tayari kusema. Kinachoifanya inyamaze ni kizuizi kinachokaa juu ya mlango wake. Na laktosi ikija haisemi "fanya". Inamshika mlinzi, anajikunja umbo, anauachia mlango. Ruhusa ni kuondolewa kwa katazo. Leo Szilard, mwanafizikia mkimbizi kutoka Hungaria aliyehusika na mwanzo wa bomu la atomiki, ndiye aliyemsukuma Monod alifikirie jambo hilo kinyumenyume namna hiyo, na Monod mwenyewe alimshukuru hadharani.

Kilichobaki kilimjia Jacob Julai 1958, akiwa sinema na mkewe siku ya Jumapili. Filamu haikumkaa kichwani. Akiwa gizani akaona kwamba virusi waliolala na jeni ya laktosi iliyonyamaza ni hadithi moja: katika pande zote mbili za dari ile kulikuwa na mlinzi juu ya mlango wa jeni. Mwaka 1961 yeye na Monod wakachapisha makala iliyoeleza mfumo mzima, wakiuita kundi la jeni zinazofunguliwa na kufungwa pamoja kwa jina la operoni. Mwaka 1965 Jacob, Lwoff na Monod wakapewa Tuzo ya Nobel. Mwaka uliofuata, Walter Gilbert na Benno Müller-Hill walimkamata yule mlinzi kwa mikono huko Marekani: ni protini. Baadaye ikajulikana kwamba lango la laktosi lina kufuli la pili, linalobaki gumu maadamu glukosi ingalipo. Ndiyo maana vijidudu vya Monod vilikula kimoja kwanza. Na lile tambarare la grafu ya 1940? Ndiyo muda wa kufungua makufuli na kutengeneza vifaa vya kazi.

JOTO LA NAPOLI

Mwaka 1962, grafu ya Monod ikiwa imekwisha kuzaa operoni, kijana wa Kiitalia aliyeitwa Ferruccio Ritossa alikuwa akichungulia kromosomu za nzi wadogo wa matunda katika maabara ya Napoli. Mtu fulani alikuwa amepandisha joto la kabati la kutunzia nzi. Wangeweza kutupwa, lakini Ritossa akaziweka kromosomu chini ya darubini. Akaona zimevimba mahali ambapo si pa kawaida, na uvimbe wa namna hiyo ndiyo dalili ya jeni inayosomwa. Joto lilikuwa limeziamsha jeni ambazo hapo kabla zilinyamaza, na kwa dakika chache tu. Kemikali iliyovuruga upumuaji wa seli nayo ikaleta uvimbe uleule.

Jarida kubwa likamkatalia makala, eti jambo hilo halina maana katika maisha ya viumbe. Akaichapisha kwingine mwaka huohuo. Ilichukua miaka 12, mpaka 1974, Alfred Tissières na wenzake walipoonyesha protini zinazotokana na jeni hizo. Kisha zikaonekana kila walikotazama: kwa bakteria, kwa hamira, kwa mahindi, kwako wewe na kwangu mimi. Kazi yake ni kuzishika protini nyingine zinazokunjuka kwa joto, kama yai linavyobadilika kikaangoni, zisije zikagandamana. Na mtawala wake je? Wakati wa amani zile protini za uokoaji humshika mtawala huyo mikono. Joto likija, zinamwachia zikimbilie majeruhi, naye akiwa huru anaziita zaidi. Kumbe hata hapa dhiki haiongezi neno jipya katika kitabu. Inaifungua kurasa iliyokuwa imebanwa.

Na ile ngano ya Lysenko? Ajabu ni kwamba baridi kweli huifanya ngano ya majira ya baridi itoe maua, na wakulima walilijua jambo hilo kabla yake. Leo tunajua kwa nini. Ngano hiyo ina jeni iliyopewa jina la VRN2, inayozuia maua. Baridi ya muda mrefu huinyamazisha, na mzuiaji akinyamaza maua yanakuja. Lakini mbegu ya kizazi kinachofuata inaanza upya, kufuli likiwa mahali pake. Lazima nayo ipate baridi yake. Lysenko aliona mlango umefunguka akadhani nyumba imejengwa upya, na kwa kosa hilo alishika madaraka mpaka katikati ya miaka ya 1960, wakati Vavilov alikuwa kaburini.

KUFULI LA MWISHO

Huenda msomaji mmoja anauliza, haya ya bakteria na nzi yananihusu nini mimi wa Temeke au Kariobangi? Yanakuhusu, maana kila mmoja wetu ana jirani, ndugu au mwanafunzi mwenzake mwenye selimundu. Nchini Tanzania peke yake watoto takriban 11,000 huzaliwa nayo kila mwaka. Sote tunayajua yale maumivu ya mifupa usiku, kuongezwa damu, na dawati linalobaki tupu darasani.

Mwaka 1948, mwaka uleule wa mkutano wa Moscow, daktari wa watoto wa Brooklyn, Janet Watson, aliona kwamba watoto wachanga wenye selimundu hawaumwi katika miezi ya mwanzo. Alihisi sababu ni hemoglobini ya kitoto, ile tunayoitumia tukiwa tumboni. Baada ya kuzaliwa, jeni yake hunyamazishwa. Haifutwi, inanyamazishwa. Mwaka 2008 watafiti wa Boston walionyesha mnyamazishaji mmoja mkubwa, protini iitwayo BCL11A. Basi wakajiuliza swali la Jacob na Monod: je, tukimwondoa mlinzi? Mwezi Novemba 2023 Uingereza ikawa nchi ya kwanza kuidhinisha tiba inayofanya hivyo, na Marekani ikafuata Desemba. Wanatoa seli za mgonjwa zinazozaa damu, wanaikata swichi ya mlinzi ndani yake, wanazirudisha mwilini, na hemoglobini ya utotoni inaamka ndani ya mtu mzima.

Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Kwa hiyo narudi kwenye neno letu la kupigiwa makofi. Shida si mwalimu. Kijidudu asiye na jeni ya laktosi ukimpa laktosi hajifunzi kitu, anakufa na njaa yake. Jacob hakuletewa operoni na bomu la Normandy, na Monod hakuipata kwa Wajerumani. Walikuwa wamesoma, wamehesabu, wamekosoana usiku na mchana chini ya paa lile. Dhiki ilipofungua mlango, ndani palikuwa na kitu. Sisi nasi tusikae tukisubiri njaa ituandikie vitabu. Tusome, tujaze nyumba.

Na tuwe macho na wanaowaambia maskini kwamba taabu inawakomaza. Mtoto wa selimundu pale mtaani ana hemoglobini nzima ya kumwokoa, imeandikwa katika kila seli yake tangu kabla hajazaliwa. Mlinzi wake wa kwanza ameshajulikana kwa jina na amepatikana wa kumwondoa. Aliyebaki mlangoni sasa hakai ndani ya seli. Anakaa kwenye bei, na huyo hakuna darubini inayohitajika kumwona.